Buruburu kwa mwendo wa kigari cha mtoto

Mtembea bure si sawa na mkaa bure, walisema wahenga. Hata hivyo, familia nyingi jijini Nairobi zinapojaliwa mtoto mchanga hukaa. Jumapili hupita mlango ukiwa umefungwa, runinga ikinguruma na mtoto akilia kwa kuchoshwa na dari ile ile. Wazazi huamini kwamba matembezi na mtoto ni anasa ya watu wenye magari, wale wanaoweza kwenda msitu wa Karura au bustani ya Arboretum na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Anayeishi Buruburu, au mwenye jamaa huko, hana haja ya kwenda mbali. Mtaa huu wa Eastlands ni miongoni mwa mitaa ya jiji iliyochorwa tangu mwanzo kwa kumfikiria mtoto anayecheza nje na mtu anayetembea kwa miguu. Sehemu ya mchoro huo ingalipo. Sehemu nyingine imemezwa na vibanda, vyumba vya kupangisha na magari. Njia rahisi ya kujua ipi ni ipi ni kusukuma kigari cha mtoto.

Kigari ni kipimo kisichodanganya. Mtu mzima huruka mtaro, hukwepa rundo la mchanga wa ujenzi na kujipenyeza kati ya gari na ukuta, na akifika nyumbani hakumbuki hata kimoja. Kigari hakiruki wala hakijipenyezi. Kikifika penye mtaro usio na kifuniko, mzazi hana budi kukibeba pamoja na mtoto na nepi zake, mithili ya mpagazi sokoni.

MTAA WA NYUA

Buruburu ilijengwa kwa awamu tano, kuanzia miaka ya mapema ya 1970 hadi miaka ya mapema ya 1980. Fedha za mradi huo zilitoka kwa shirika la Uingereza la Commonwealth Development Corporation, na michoro ikaandaliwa na kampuni ya wasanifu ya Mutiso Menezes. Wanunuzi walipewa mikopo ya kulipa polepole. Wengi wao walikuwa wafanyakazi vijana wa ofisini, walimu na watumishi wa serikali waliokuwa wakianza familia.

Kwa hiyo nyumba hazikupangwa kwa mistari mirefu kama kambi. Zilikusanywa kuzunguka nyua ndogo ambazo wenyeji huziita korti, ingawa ndani yake hamna hakimu wala mshtakiwa. Gari liliruhusiwa kuingia korti na kuegeshwa, lakini halikuwa na pa kupita kwenda kwingine. Mtoto aliyekuwa akicheza pale alijua kwamba gari linaloingia ni la jirani, na jirani huyo huendesha polepole.

Hapo ndipo penye matembezi ya kwanza na rahisi zaidi. Chagua awamu moja, au fezi kama wanavyosema wenyeji, kisha zunguka korti moja baada ya nyingine bila kukimbilia barabara kubwa. Mwendo wa nusu saa watosha kumlaza mtoto mchanga, na wa dakika 45 watosha kumchosha kaka yake wa miaka minne anayetembea kando akishika kigari. Utapita chini ya miti iliyopandwa na wenyeji wa kwanza, na utaona nyumba chache ambazo bado zina bustani mbele na paa la vigae.

Utakutana pia na mageti. Ujambazi ulipozidi jijini, wakazi wa korti nyingi walichanga fedha, wakaweka geti na kumwajiri mlinzi. Usalama uliimarika, lakini vijia vingi vilivyounganisha korti na korti vilizibwa. Ukiwa mgeni, msalimu mlinzi na umweleze kwamba unamtembeza mtoto. Mara nyingi kigari ni kitambulisho tosha, maanake ni nadra jambazi kwenda kazini akiwa na chupa ya maziwa. Ukikataliwa, usibishane. Geuza kigari uende korti inayofuata.

JUMAPILI ASUBUHI

Matembezi ya pili ni ya kwenda madukani, katika kituo cha biashara kilicho kwenye barabara ya Mumias South. Haya yanataka kuchagua saa. Mumias South na Rabai ndizo barabara kubwa zinazopita ndani ya mtaa, na siku za kazi zimejaa matatu, bodaboda na mikokoteni. Jumapili kabla ya saa tatu asubuhi mambo huwa tofauti. Waliokesha kwenye vilabu wamelala, waumini wa misa ya kwanza wangali kanisani, na wenye vibanda hawajapanga bidhaa zao njiani.

Ukipita saa hizo utaona jambo ambalo msongamano huficha: nafasi ya mtembea kwa miguu ilikuwepo. Kati ya barabara na nyumba palikuwa na ukanda mpana. Baadaye wenye nyumba zilizotazama barabara waligundua kwamba duka hulipa kuliko bustani. Wakaongeza chumba, kisha ghorofa, kisha kibaraza cha duka, hadi ukuta ukakaribia lami. Si haki kuwalaumu bila kufikiri. Kodi ya vyumba hivyo imelipa karo ya watoto wengi, na imewapa makao vijana wasiomudu nyumba nzima. Lakini gharama yake mtu wa kwanza kuilipa ni mzazi mwenye kigari, anayelazimika kushuka barabarani.

Kushuka huko si jambo dogo. Katika barabara za Nairobi, watembeao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa na magari. Isitoshe, mtoto aliyeketi kigarini yuko karibu na kimo cha bomba la moshi la gari kuliko mamake anayemsukuma. Kwa sababu hiyo kanuni ni moja: penye shaka, rudi ndani ya korti. Aidha, epuka kulivuka soko la Mutindwa, mpakani mwa Buruburu na Umoja, ukiwa na kigari. Huko ni mahali pa kwenda mtoto akiwa amefungwa mgongoni kwa leso, nawe mikono yako iko huru kuchagua nyanya.

KWA MAJIRANI WAKONGWE

Matembezi ya tatu ni ya wale wenye nguvu zaidi. Upande wa kuelekea mjini, Buruburu ina majirani waliojengwa kabla yake: Harambee, Uhuru na Jericho. Nyumba za Jericho ni ndogo na za kiasi, lakini kati ya safu na safu kuna uwanja wa nyasi ambao mabwanyenye wa mitaa mingine wangeutamani. Watoto wakubwa wanaosoma historia waelezwe kwamba jina la Ofafa linalotumika katika mitaa kadhaa ya huko, ikiwemo Ofafa Jericho, ni la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953 wakati wa hali ya hatari.

Ni vyema kuutembelea upande huo mapema. Kwa miaka mingi sasa kumekuwa na mipango ya kuzibomoa nyumba za kale za Eastlands na kujenga maghorofa mahali pake. Jiji linahitaji makao, hilo halina ubishi. Swali ni kama maghorofa hayo yatakuja na nyasi za kutosha kutandika leso na kumwacha mtoto atambae.

KIGARI CHA KUFAA

Zamani kigari kilikuwa gari hasa: kizito, chenye magurudumu makubwa na kisichoingia mlangoni. Mwaka 1965, mhandisi wa ndege Mwingereza aitwaye Owen Maclaren, aliyewahi kufanya kazi kwenye magurudumu ya ndege ya kivita ya Spitfire, alibuni kigari cha alumini kinachokunjwa kama mwavuli. Wazao wa kigari hicho ndio wanaomfaa mkazi wa Buruburu, kwa kuwa waweza kukikunja na kupanda nacho matatu ya nambari 58 bila kugombana na utingo.

Lakini vigari vingi vya mwavuli vina magurudumu madogo, ambayo hunasa kwenye mashimo. Kabla ya kununua, sukuma kigari juu ya changarawe, si juu ya sakafu laini ya duka. Hakikisha breki inashika na mkanda unafunga. Mtoto ambaye shingo yake haijakaza asiketishwe. Anahitaji kigari kinachoweza kulazwa. Usitundike mifuko ya sokoni kwenye mpini, kwani mtoto akitolewa kigari hupinduka.

Jua la Nairobi nalo hudanganya. Jiji liko karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa yaweza kuwa baridi huku ngozi ya mtoto ikiungua. Tembea kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Usikifunike kigari chote kwa shuka nzito; hewa hukosa pa kupita na joto hupanda upesi. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, subiri vijia vikauke, maana shimo lililojaa maji halionyeshi kina chake.

AHADI YA ASILIMIA 20

Mnamo 2015, serikali ya kaunti ya Nairobi ilitoa sera kuhusu wanaotembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Sera hiyo iliahidi kutenga angalau asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa ajili yao. Mzazi mwenye kigari ni mmoja wa wenye ahadi hiyo, na ana haki ya kuuliza imefika wapi kila mtaro usio na kifuniko unapomsimamisha.

Zipo hatua ambazo hazingoji kaunti. Chama cha wakazi chaweza kukubaliana kwamba geti dogo la kando lisifungwe mchana, ili vijia viunganike tena. Mwenye gari aweza kuliegesha pasipo kuziba njia. Mwenye duka aweza kusogeza meza yake hatua mbili nyuma siku ya Jumapili. Na akina baba, mnaodai kwamba kusukuma kigari ni kazi ya akina mama, jaribuni mara moja. Atakayekitoa kigari kwenye shimo pale Mumias South ndiye atakayekuwa wa kwanza kusimama katika mkutano wa wakazi na kudai lizibwe.