Mkeka wa Karatasi

Jana tumerudi nyumbani na mkeka. Ni wa karatasi, mweusi, mwekundu na wa kijani, mwanangu kausuka mwenyewe kwenye maktaba ya mtaa wetu hapa Philadelphia. Vipande vinapishana juu, chini, juu, chini, na kingo zimeshikwa na gundi. Nimeutandika mezani na sitaki mtu auguse.

Ni wiki ya Kwanzaa, tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, sikukuu aliyoianzisha Maulana Karenga kule California mwaka 1966 ili Wamarekani Weusi waienzi asili yao. Majina ya vifaa vyake ni ya kwetu: mkeka, kinara, mazao, kikombe cha umoja. Mlangoni mkutubi akanisalimu, "Habari gani?" Nikajibu "Nzuri," nilivyolelewa. Watoto wakapaza sauti, "Kujichagulia!" Kumbe kila siku ina jibu lake, na la siku ya pili ndilo hilo. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu alilitamka polepole, silabi kwa silabi, kama mtu aliyebeba yai. Mimi Ujamaa, nao ukiwa mmoja wa majibu hayo, niliukariri darasani, nikajibia mtihani, basi.

Na katika zawadi za mtoto lazima kiwemo kitabu! Tumeazima *Jambo Means Hello* cha Muriel Feelings, alfabeti ya Kiswahili yenye michoro ya Tom Feelings, kilichotoka mwaka 1974. Kwetu sikukuu ni nguo mpya na pilau. Kitabu ni cha shule.

Bibi yangu, Tanga, alisuka ukili kila jioni barazani, chane za ukindu kazilaza mapajani, kidole gumba kikibana kila pindo. Nikisogea nishike, nafukuzwa: "Nenda kasome!" Kusuka kulikuwa kazi ya waliokosa shule. Linaniuma hilo. Tumesoma, lakini mikono yetu haijui ukili, na huku watu ambao babu zao walinyang'anywa hata majina wanakata karatasi ili vidole vya watoto wao vijue mkeka.

Usiku nikamtumia shangazi picha kwa WhatsApp. "Ukili wake uko wapi?" akauliza, maana mkeka wetu husukwa ukili kwanza, ndipo ukashonwa. Nikamwomba chane, kuna mtu anakuja huku mwezi ujao. Asubuhi nimekuta ujumbe wake: anauliza azitie rangi gani.