Uso wa Kuazima: Herufi ya Kichina ya Kufukuzia Mashetani

Ipo herufi moja ya Kichina, isomwayo nuo, ambayo humvutia kila ajifunzaye maandishi hayo. Ina mistari 21. Kushoto amesimama mtu. Kulia ipo alama yenye maana ya taabu na msiba. Herufi nzima ni jina la ibada ya kufukuza mashetani na maradhi. Basi mwanafunzi huitazama akasema: huyu ni binadamu aliyekabiliana na msiba, herufi imejifasiri yenyewe.

Simulizi hii ni tamu, na kwa utamu wake yapasa itiliwe shaka.

Xu Shen, mwanachuoni wa enzi ya Han aliyekamilisha kamusi yake, Shuowen Jiezi, mnamo mwaka 100 B.K., hakutaja shetani wala maradhi alipoieleza herufi hii. Kwake yeye maana yake ni mwendo: kutembea kwa kipimo, hatua zikifuata mizani. Ushahidi aliutoa katika Shijing, diwani kongwe ya Wachina, penye shairi lisifulo mapambo ya vito yachezavyo kiunoni mwa mwanamke. Na ile alama ya kulia, iitwayo msiba? Xu Shen asema asili yake ni jina la ndege. Na umbo la ndege mwenye mkia mfupi limo ndani yake hata leo. Jina la ndege liliazimwa kwa ajili ya sauti yake, likaandikia neno la taabu. Ndege akasahauliwa, taabu ikabaki.

Duan Yucai, mfafanuzi mashuhuri wa kamusi hiyo aliyefariki mwaka 1815, aliongeza kwamba ibada yenyewe hapo kale iliandikwa kwa alama ya taabu peke yake. Baadaye ndipo ilipoazimwa herufi ya mwendo, na tangu hapo maana yake ya kwanza ikafifia. Kwa hiyo mtu yule wa kushoto hakuwekwa pale apigane na msiba. Alikuwa akitembea tu, na msiba ukamkuta njiani.

Ibada iliyoichukua herufi hii haikuwa ndogo. Zhouli, kitabu cha kale cha vyeo na taratibu za dola, chamtaja ofisa aitwaye Fangxiangshi: amejitanda ngozi ya dubu, ana macho manne ya dhahabu, nguo nyeusi juu na nyekundu chini, mkuki na ngao mikononi. Yeye huongoza kundi la watu wakapekua vyumba na kuyatoa maradhi. Katika mji wa Luoyang, zama za Han ya baadaye, walimfuata wavulana 120 wa miaka 10 hadi 12, wenye vilemba vyekundu na ngoma. Mienge ilipokezanwa hadi nje ya mji, ikatupwa katika mto Luo, na maradhi yakaenda na maji.

Hata Confucius anatajwa. Wanakijiji walipofanya nuo, yeye alivaa joho lake la baraza akasimama kwenye ngazi za mashariki. Hakucheza nao, wala hakuwacheka.

Ibada ikavuka bahari hadi Japani, ikaitwa tsuina, ikafanywa katika kasri la mfalme. Huko likatokea jambo la ajabu. Yule mwenye macho manne, mfukuza mashetani, alitisha mno kwa sura yake; karne zilivyopita watu wakamdhania kuwa ndiye shetani, wakaanza kumfukuza yeye. Uso alioazima kwa ajili ya kazi ukawa ndio uso wake.

Kwao China ibada ilishuka vijijini ikawa ngoma na michezo ya vinyago, katika majimbo kama Jiangxi na Guizhou. Huko, avaaye kinyago hahesabiwi tena kuwa jirani fulani. Yeye ni mungu hadi akivue. Katika Mapinduzi ya Utamaduni ya 1966 hadi 1976, vinyago vingi vilichomwa kwa kuitwa ushirikina. Mwaka 2006 serikali iliuingiza mchezo wa nuo katika orodha ya kwanza ya urithi wa taifa. Kilichokuwa shetani kikawa hazina.

Mfasiri wa Kiswahili aifikiapo herufi hii hana budi kuchagua. Neno kufukuza latosha kwa maana, lakini halina mwendo. Neno kupunga linao: mkono hupungwa, na pepo hupungwa kwa ngoma, mwili ndio utendao kazi, kwa mapigo. Ila mganga wa pwani humuuliza pepo jina lake na haja yake, wakapatana. Nuo haiulizi, hupekua na kutoa. Kila neno lampa msomaji nusu, na nusu ya pili lamnyima.

Na achague, mradi asidai kwamba amefikia uso wa asili, kwa kuwa herufi yenyewe haikuwa nao. Afanye kama afanyavyo mvaa kinyago: auchukue uso wa kuazima, autumikie kwa adabu, akikumbuka kwamba nyuma yake yupo mwanamke atembeaye, na ndege ambaye hakuna amwitaye tena kwa jina lake.