Kurushwa Darasa

Huko Ikuti, mama mmoja, mikono ingali na utomvu wa migomba, alimsikiliza mwalimu akishauri mwanawe wa miaka 8 arushwe la tatu, aingie la nne, lenye upimaji wa kitaifa. Mwalimu akamtolea mfano wa Nyerere: aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na baada ya miezi sita akarushwa darasa.

"Alikuwa na umri gani, Mwalimu?"

"Yapata miaka 12, mama."

Basi yule alifidia miaka iliyompita, hesabu ambayo wengi huisahau; huyu hajachelewa popote. Jioni, mvua ikinyesha, mama alimkuta barazani akimfundisha kugawanya mwenzake wa dawati, yule anayefuatana naye matopeni kila asubuhi. Akasimama mlangoni, jibu la mwalimu lingali kinywani.