Uzito Katika Kina cha Ardhi

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Handeni huliita shimo lao la wima duara, na mtu ashukaye humo kila siku aweza kuamini kuwa jiwe la chini ni zito kuliko jiwe la juu. Msomi humcheka. Husema kuwa mvuto wa dunia hupungua kadiri mtu ashukavyo, mpaka ukatoweka kitovuni. Juu ya kitovu msomi amesema kweli. Juu ya duara amekosea.

Mwaka 1687 Newton alithibitisha kuwa tufe lenye uwazi halikivuti kitu kilichomo ndani yake kuelekea upande wowote: mvuto wa huku hubatilishwa na mvuto wa kule. Basi kwa mtu aliye shimoni, tabaka lote la ardhi lililobaki juu ya kina chake, likiizunguka dunia nzima, ni kama halipo. Kimvutacho ni kile kilicho chini yake. Kama dunia ingekuwa ya namna moja toka ganda mpaka kiini, kila hatua ya kushuka ingempunguzia uzito. Lakini sivyo ilivyo. Miamba ya Handeni, na ya milima ya Usambara iliyo juu ya Korogwe, ina uzito wa karibu mara tatu ya maji ya ujazo ule ule. Dunia nzima, kwa wastani, mara tano na nusu. Ashukaye huacha chepesi nyuma na kukikaribia kizito, na uzito wake huzidi.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1854 George Airy, mkuu wa elimu ya nyota wa Uingereza, alilinganisha vyuma viwili vibembeavyo kama vya saa ya ukutani, kimoja juu ya mgodi wa makaa wa Harton, kimoja chini yake, mita 380 hivi. Cha chini kilikitangulia cha juu kwa zaidi ya sekunde mbili kwa siku. Katika duara la mita 30 tofauti ni ndogo mno: mfuko wa kilo 50 huzidi kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya gramu. Mvuto hufikia upeo penye mpaka wa kiini cha dunia, kilomita 2,900 hivi chini. Toka hapo hupungua mpaka kitovuni, kilomita 6,370 hivi, ambako hapana uzito.

Kwa hiyo kimchoshacho mchimbaji si uzito ulioongezeka, bali urefu wa kamba. Ndivyo yalivyo maji ya mto Pangani yanayosukumwa kwa mashine toka wilaya ya Korogwe kupanda Handeni. Yafikapo juu yamepungua uzito kidogo, lakini pampu haipati nafuu yoyote, kwa kuwa taabu imo katika kupanda.

Limebaki neno moja, nalo ni la uhai. Udongo ulio juu ya mchimbaji haumvuti. Lakini wenyewe huvutwa na kilicho chini, na njia yake ya kwenda huko hupita kichwani pake. Magogo ya kuegemeza kuta, ayaitayo matimba, ndiyo yauzuiayo. Atakayeyapunguza ili kuokoa gharama asitumaini kusamehewa na hesabu ya Newton.