Bertha Mkubwa na ukurasa nilioruka

Marehemu mjomba alifundisha fizikia kwa miaka mingi katika shule za sekondari za Katanga, na alipofariki aliacha vitu vichache: baiskeli, vitabu vya Kifaransa vilivyoliwa na mchwa, na mfuko mmoja wa plastiki wenye kadi ya rangi juu yake, haujafunguliwa. Siku ya kugawa vitu, mama alinipa ule mfuko. "Weye njo unasomaka luga," akasema, "kamata." Ndani yake kulikuwa na bomba la karatasi ngumu, ncha ya mti mwepesi iliyochongwa, vibao vyembamba vya balsa, kipande cha kauchu, mwavuli wa plastiki uliokunjwa, na karatasi ndefu ya maelezo kwa Kiingereza. Ilikuwa roketi ndogo ya kuunganisha kwa mkono, aina ya Big Bertha, iliyotengenezwa na kampuni ya Estes huko Colorado, Marekani, katika miaka ya 1960.

Jinsi kitu hicho kilivyofika kwa mjomba, naijua kwa masimulizi ya nyumbani tu. Alikuwa mwanafunzi Manono katika miaka ile ambayo kampuni ya Wajerumani iliyoitwa OTRAG ilikodishiwa eneo kubwa la Shaba na Mobutu ili irushe roketi. Walirusha ya kwanza Mei 1977. Ile ya Juni 1978, Mobutu akiwa pale anatazama, iliharibika, na mwaka wa 1979 mambo yakafungwa. Mjomba hakuona hata moja, ila alisikia watu wakisimulia, na jambo moja lilimkaa kichwani: kwamba roketi zile zilikuwa mabomba ya kawaida yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Baadaye, alipoanza kufundisha, mmisionari mmoja wa Kimethodisti aliyekuwa akirudi kwao Marekani alimwachia mfuko huu. Injini haikuwemo, maana baruti haisafirishwi ovyo kwa ndege. Mjomba akauweka, akingoja injini. Alingoja mpaka akazikwa.

Mwaka jana, katika somo la istilahi, kila mmoja wetu alitakiwa kutafsiri kurasa mbili za maandishi ya kiufundi na kuandaa faharasa ya maneno. Wenzangu walichukua maelezo ya simu na ya dawa za mashamba. Mimi nilitoa ile karatasi kwa uangalifu kupitia upande wa mfuko uliokuwa umelegea, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba wakusanyaji hulipa vizuri kwa mfuko ambao haujaguswa, na sikutaka kuharibu bei. Nakiri hilo mapema.

Kazi ilinifurahisha. Lile jina tu lilitosha kwa nusu saa: Big Bertha ni jina Waingereza na Wamarekani walilotumia kwa mzinga mkubwa wa Wajerumani wa Vita vya Kwanza, na sasa limebandikwa kwenye bomba la karatasi lenye urefu wa sentimita 61. Watoto wa uwanja wetu hawakuwa na habari ya mzinga. Walimwita Mama Berta, kama jirani. Vile vibao vinne vya mkiani niliviita mapezi, nikikataa mabawa, na bado natetea uamuzi huo. Bawa humwinua ndege, lakini kibao cha mkiani hakiinui kitu. Kazi yake ni kuufanya msukumo wa upepo ukae nyuma ya uzito, ili roketi ikiyumba ijirudishe, kama samaki anavyojiweka sawa majini. Kile kibomba kidogo cha ubavuni, ambacho hupita kwenye fimbo ya chuma wakati wa kuondoka, nilikiita "kibomba elekezi". Mdogo wangu, ambaye ana miaka kumi na mitatu, alisoma, akacheka, akasema hilo ni sikio. Ni kweli, ni sikio. Niliacha "kibomba elekezi" kwa sababu kilionekana cha chuo kikuu zaidi.

Nilipata 16 kwa 20.

Sasa niseme makosa, kwa kuwa mwandishi wa tafsiri ndiye wa kwanza anayepaswa kuyasema. La kwanza lilikuwa nukta. Karatasi ilitaja injini ya A.8-3. Nilidhani ile nukta ni doa la wino, nikaandika A8-3. Kumbe wazee wa roketi hizi walipima kwa ratili: herufi inaonyesha nguvu yote iliyomo, tarakimu ya kati ni msukumo wa wastani, na ya mwisho ni sekunde za kungoja kabla mwavuli haujatupwa nje. Nukta nane ni ratili 0.8, yaani karibu nyutoni 3.6. Walipohamia vipimo vya metriki baadaye, nukta ikaondoka, na nane ikawa nyutoni nane kamili. Kwa hiyo kwa kufuta doa niliongeza msukumo zaidi ya mara mbili. Tunasoma fonolojia miaka mitatu tukiambiwa kwamba alama ndogo hubadili maana, na mimi nikafuta alama.

La pili lilikuwa baya kidogo zaidi. Kati ya injini na mwavuli huwekwa karatasi laini iliyotiwa dawa isishike moto, ili mlipuko mdogo unaosukuma mwavuli nje usiuchome. Jina lake la Kiingereza lina neno moja lenye maana mbili: kupona ugonjwa, na kukipata tena kilichokwenda. Nikaandika "pamba ya kupona". Mtu yeyote wa kwetu angekwenda kununua pamba ya famasi, na pamba ya famasi inawaka vizuri sana.

Lakini kosa la tatu halikuwa la neno. Nyuma ya karatasi ile kulikuwa na kanuni za usalama. Zilikuwa ndefu, hazikuwa na istilahi ya kuvutia, na kurasa zangu mbili zilikuwa zimekwisha. Nikaziruka.

Nilipomaliza nilimwachia mdogo wangu nakala. Yeye hakuuchukua ule mfuko wa mjomba. Nilikuwa nimemkataza kuugusa. Alitengeneza wake. Bomba la karatasi ya kufungia vitambaa alilipata sokoni, mapezi akakata kwenye katoni, mwavuli ukatoka kwenye mfuko wa sukari. Alifuata tafsiri yangu hatua kwa hatua, na niseme kwa fahari ya kijinga kwamba ilimfikisha mwisho: mapezi yalinyooka, na sikio lilikaa mahali pake. Akaja kuniuliza, "Yaya, motere iko wapi?" Nikamjibu nikiwa nimeinama juu ya simu kwamba motere hakuna, hata mjomba hakuwa nayo. "Bon," akasema.

Siku tatu baadaye alijaribu kutengeneza injini kwa vichwa vya viberiti. Sitaeleza zaidi. Aliungua kiganja cha mkono wa kulia na vidole viwili. Macho yalisalimika kwa sababu alikuwa amegeuka kumwita rafiki yake aje aone. Mama hakunigombeza. Alisoma ile nakala, ukurasa wa kwanza na wa pili, akaugeuza wa pili kuona kama nyuma kuna kitu, akanirudishia.

Ndipo nilipoanza kutafuta historia ya ule mfuko, si kwa ajili ya somo lolote. Nilichokikuta kilinifanya nikae chini. Mchezo huu wote ulizaliwa kwa sababu ya watoto kama mdogo wangu.

Katika miaka ya 1950 vijana wengi wa Marekani walikuwa wakijaza kemikali kwenye mabomba ya chuma ili kutengeneza roketi, na baada ya Warusi kurusha Sputniki tarehe 4 Oktoba 1957 idadi yao iliongezeka. Walikuwa wakiumia, na wengine wakifa. Mhandisi mmoja, G. Harry Stine, aliyefanya kazi White Sands, New Mexico, mahali jeshi lilipojaribia makombora, aliandika mwaka huo wa 1957 katika gazeti la mafundi wa nyumbani juu ya hatari hiyo. Makala yake ikasomwa na Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika mji mdogo wa Norfolk, Nebraska. Carlisle alijua fataki. Ndugu yake Robert alikuwa mtu wa ndege za mfano. Tangu 1954 Carlisle alikuwa na roketi yake ndogo: mwili wa karatasi, hakuna chuma, mwavuli wa kurudia, na injini ya baruti iliyoshindiliwa tayari ndani ya bomba la karatasi, ya kutumia mara moja na kutupa. Akampelekea Stine sampuli.

Wazo lao ni rahisi, na nadhani ndiyo maana lilichelewa kupatikana. Waligawa kazi mahali pamoja tu. Kila kitu ambacho mtoto anaweza kukosea bila kuumia, aachiwe mtoto: akate, agundishe, apake rangi, roketi ianguke, atengeneze nyingine. Kile ambacho kosa lake ni la mara moja tu, kitoke kiwandani kimefungwa. Stine alifungua kampuni Denver, lakini injini hazikutosheleza mahitaji. Wakamtafuta kijana wa hapo Denver, Vern Estes, aliyetoka katika familia iliyojua biashara ya fataki, na yeye akajenga mashine ya kushindilia injini, akaiita Mabel. Mwaka wa 1959 Mabel ilikuwa ikitoa injini moja kila sekunde tano na nusu. Estes na mkewe Gleda walihamisha kiwanda Penrose, Colorado, mwaka wa 1961, wakaanza kuuza mifuko ya roketi kwa posta. Kampuni iliuzwa kwa Damon mwaka wa 1969. Bertha inauzwa hadi leo.

Kwa hiyo yule Mmethodisti alipomwachia mjomba mfuko bila injini, alimwachia nusu ya wazo. Mjomba alielewa, alikuwa mwalimu wa fizikia, akangoja. Mimi nilichukua nusu hiyo nikaikata tena, nikatoa sehemu pekee iliyokuwa inasema kwa nini lazima kungoja.

Nilizitafsiri kanuni zile mwezi uliofuata, mdogo wangu akiwa na bandeji. Jambo ambalo sikuwa nimeliona mwanzoni ni kwamba zimeandikwa kwa nafsi ya kwanza. Hazisemi "usifanye", kama vibao vyetu vyote vya marufuku mjini. Anayesema ni mtoto mwenyewe: kwamba roketi yake itakuwa ya vitu vyepesi, kwamba atatumia injini za kiwandani tu na hatazifungua, kwamba ataiwasha kwa umeme akiwa mbali, kwamba hatairusha kwenye upepo mkali. Ni kiapo. Nilikuwa nimeanza kutafsiri kwa "ni marufuku" na "hairuhusiwi", kwa mazoea, kisha nikayafuta yote. Nikaandika "nitatumia", "sitafungua", "sitajaza".

Nilimpa asome kwa sauti. Alisoma kwa Kiswahili changu cha sanifu mstari wa kwanza na wa pili, kisha, bila kujua, akaanza kusoma kwa chetu: "shitafungula," "shitajaza mwenyewe." Sikumsahihisha. Nakala iliyobandikwa mlangoni mwa chumba chake ina shi- kote, na kifungu cha mwanafunzi wa isimu ndani yangu kimekubali kunyamaza. Kwenye faharasa nimerekebisha pia: nukta imerudi, pamba imekuwa "karatasi isiyoshika moto", na kibomba elekezi ni sikio.

Kisha nikaukata mfuko wa mjomba kwa wembe. Rafiki yangu mmoja alisema nimechoma dola. Labda. Balsa ilikuwa imekauka na pezi moja lilipasuka; tulilibadilisha kwa jingine la katoni ngumu, na linaonekana. Mdogo wangu aligundisha kwa mkono wa kushoto, mimi nikashikilia. Kauchu ilikuwa imeoza kabisa, tukaweka mpira wa suruali. Tulipaka rangi nyeusi, kama kadi ilivyoonyesha.

Injini bado haipo. Lakini kuna jaribio moja ambalo watu wa mchezo huu hulifanya kabla ya kurusha, na halihitaji moto. Mahali pa injini tuliweka betri ndogo iliyoviringishwa karatasi, tukaitafuta Bertha mahali inapokaa sawa kidoleni, tukaifunga kamba ya mita mbili na nusu pale pale. Mdogo wangu alisimama katikati ya uwanja akaanza kuizungusha juu ya kichwa. Mzunguko wa kwanza ilikwenda upande upande. Akaongeza mwendo. Ncha ikageuka ikaelekea mbele, ikabaki hivyo, mzunguko baada ya mzunguko, na mama akatoka jikoni kuuliza ni nini kinachovuma.