Dawa Peke Yake Haimrudishi Mtu Nyumbani

Mwaka jana tulimzika mama mdogo katika kibanja cha familia, wilayani Muleba. Mwanawe, ambaye kwetu ni kaka yangu, alikuwa amerejea karibuni kutoka hospitali alikotibiwa maradhi ya akili. Sahani ya buni za kutafuna ilizunguka mkono kwa mkono. Ilipofika kwake ikapita. Aliyempita ni mimi, mwenye shahada ya uzamivu na mihadhara mingi kuhusu utu. Kwetu Wahaya, anayekupa buni anakuambia kuwa moyo wake ni mweupe kwako. Neno hilo nilimnyima mfiwa mbele ya jeneza la mama yake.

Eneo hili lilipaswa kuwa limejifunza. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha walishikwa na kicheko na kilio kisichozuilika. Kufikia Machi, shule ilipofungwa, walioathirika walikuwa 95 kati ya wanafunzi 159. Waliporejea makwao, hali hiyo ikaibuka Nshamba na kuwapata watu 217. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, hawakuona sumu wala vimelea. Dunia imeihifadhi kama kichekesho. Mimi naisoma kama ushahidi kuwa dhiki ya nafsi hupita katika njia zilezile za ujirani. Ikiwa dhiki hupita humo, faraja nayo inaweza kupita.

Nshamba hiyohiyo ilituonesha namna. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika Kagera mwaka 1983, na baadaye vijiji vikajaa yatima na mabibi waliowazika wanao. Shirika la Humuliza likawashika mkono yatima katika majonzi yao, nao vijana wakaunda umoja wao, Vijana Simama Imara. Tangu 2003, mpango wa Kwa Wazee umewapa wazee pensheni ndogo na kuwakutanisha katika vikundi. Hapo pana siri kubwa: bibi mwenye chochote mkononi hutoa mchango msibani, na anayetoa mchango huhesabiwa kuwa mtu. Huruma pekee humwacha mgonjwa pembeni. Wajibu humrudisha katikati.

Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na ni haki kudai dawa na wataalamu hadi kwenye zahanati. Lakini hakuna sheria inayoweza kumwamuru jirani akusogezee kigoda. Hilo ni juu ya vikundi vyetu vya kuzikana, vikoba, kwaya na jumuiya ndogondogo. Tuwaandikishe waliougua, tuwapangie zamu, tupokee michango yao, na wasipofika tuwaulizie kama tunavyomuulizia mwanachama mwingine.

Siku ya kuondoa matanga nilimwendea kaka yangu nikiwa na buni kiganjani. Alizipokea bila neno. Kisha nikamwomba tuhesabu viti vya kukodi kabla gari halijavichukua kuvirudisha Bukoba. Mimi nilipata 84, yeye 86. Tulirudia kuhesabu, kiti kwa kiti.

Vilikuwa 86.