Kilichoandikwa Juu ya Mfuniko

Tunapozungumzia kazi ya mikono, mara nyingi tunataja kazi zinazoonekana: nyumba iliyojengwa, shamba lililolimwa, nguo iliyoshonwa. Leo tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya kazi ambayo ikiisha haionekani, nayo ni kubadilisha mafuta ya usukani katika gari la zamani. Haichukui nusu siku, wala haihitaji vyombo vingi. Hata hivyo mna uamuzi ndani yake ambao dereva hawezi kuuhakiki; hukabidhi tu maisha yake kwa yule aliyeufanya.

Sisi tu watu wanne katika garaji ndogo hapa Kamatanda, mjini Likasi. Wazee waliotufundisha walijifunza ufundi katika karakana kuu za Panda, zile za Gécamines, na kutoka kwao tulipokea kanuni moja: soma kwanza, ndipo ufungue.

Siku ya Ijumaa Papa mmoja wa mtaa wetu alituletea Toyota Celica ya mwaka 1995, gari la michezo lenye milango miwili, ambalo hulikodisha kwa arusi. Usukani ulikuwa mzito, na kila alipoukata kwenye kona, pampu ililia. Kesho yake gari lilitakiwa kuwapeleka maarusi Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120 hivi.

Ni vema tueleze kwa nini safari hiyo ilitutia wasiwasi. Magari mengi ya namna hii hutoka Japani, hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, hupita Zambia, na kuingia kwetu Kasumbalesa yakiwa na usukani upande wa kulia. Nasi huku Kongo twaendesha upande huohuo wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva hukaa kwenye ukingo wa njia, na anapotaka kulipita lori lililojaa madini, hana budi kulitokeza gari kwanza ndipo aone mbele. Akikuta lori jingine linamjia, sharti arudi mara moja. Katika nukta hiyo usukani hauna ruhusa ya kusita.

Papa alikuja pia na bidoni ya mafuta aliyonunua kando ya barabara. Haikuwa na maandishi yoyote.

“Vijana, ni mekundu,” alisema, “na yale ya ndani yalikuwa mekundu. Mimineni tu, niende.”

“Papa, rangi peke yake haitoshi,” tulimjibu. “Tuangalie kwanza gari lenyewe linaomba nini.”

Usukani wa namna hii ulibuniwa na mhandisi Mmarekani Francis Davis katika miaka ya 1920, lakini ulianza kuuzwa katika magari ya watu mwaka 1951, na kampuni ya Chrysler. Injini huzungusha pampu kwa mkanda; pampu husukuma mafuta kwa nguvu; mafuta hayo husaidia mikono ya dereva kuyageuza magurudumu. Mafuta hayohayo hulainisha pampu, huondoa joto, na huilinda mipira midogo inayozuia yasivuje. Basi si kila mafuta yaweza kazi hiyo. Toyota za miaka ile huomba mafuta ya giaboksi ya kujiendesha, aina ya Dexron II au III. Honda huomba mafuta yake yenyewe. Baadhi ya magari ya Kijerumani huomba mafuta ya kijani ya namna nyingine kabisa. Na mtu akimimina mafuta ya breki, mipira ile huvimba na kuharibika.

Wekundu wa Dexron ni rangi iliyotiwa tu, ili mafuta yatambulike, hasa yanapovuja. Mtu yeyote aweza kutia rangi nyekundu katika mafuta yoyote. Lililo hakika ni jina lililoandikwa katika kitabu cha gari au juu ya mfuniko wa chombo cha mafuta, pamoja na jina lililoandikwa kwenye kopo lililofungwa vema.

Hata hapo pana mtego. Dexron III ilitoka mwaka 1993. Mwaka 2005 kampuni ya General Motors ilileta Dexron VI, iliyo nyepesi zaidi, kisha ikaacha kutoa leseni za ile ya III. Kwa hiyo kopo la leo huandikwa tu kwamba mafuta yake yanafaa mahali pa Dexron II na III. Tulitafuta kopo la namna hiyo katika maduka ya mjini, tukalipata jioni. Bei yake ilikuwa mara kadhaa ya ile bidoni. Papa alikasirika. Alituambia kwamba mafundi wengine wangemaliza saa nyingi zilizopita, na alisema kweli.

Jumamosi alfajiri tulianza. Tuliinua magurudumu ya mbele, tukayategemeza kwa vigingi vya chuma. Tukafyonza mafuta ya zamani kwa bomba la sindano, tukaufungua mpira unaoyarudisha mafuta chomboni, tukaziba tundu lake, na kuuelekeza mpira katika chupa. Mmoja alimimina mafuta mapya kidogo kidogo; mwingine, injini ikiwa imezimwa, aliuzungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, polepole, mpaka yaliyotoka yakawa safi. Yale ya kwanza yalikuwa meusi, yenye harufu ya kuungua. Tuliufunga mpira kwa kibanio kipya, maana kile cha zamani kilikuwa kinatoa jasho la mafuta, tukajaza hadi alama ya baridi.

Injini ilipowashwa, kiwango kilishuka nasi tukaongeza. Kisha tukauzungusha usukani tena, bila kuukaza mwishoni, kwa sababu hapo pampu huumia. Povu lilipokwisha chomboni, tukajua hewa imetoka. Ule mlio ulikoma.

Mafuta machafu tuliyatia katika bidoni tupu yenye mfuniko. Hatukuyamwaga nyuma ya ukuta, kwa kuwa katika mtaa huu watu huchota maji visimani, na ardhi haifichi kitu milele.

Papa aliangalia chomboni, akaona mafuta mekundu. “Ni yaleyale,” alisema, akalipa, akaondoka. Kwa macho yake alikuwa na haki. Mafuta yasiyofaa nayo yangekuwa mekundu asubuhi ile, na usukani ungekuwa mwepesi, pengine kwa majuma kadhaa, mpaka mipira ianze kulegea na pampu kukauka, mbali na garaji na mbali na macho ya aliyeyamimina.

Vijana wapendwa, wengi wenu mtashika kazi za aina hii: kuchanganya saruji, kupima dawa, kuunga nyaya za umeme ndani ya ukuta. Anayetumia kazi hizo hana njia ya kujua mlichotia ndani. Atakayewaharakisha mara nyingi si mtu mbaya. Ni mtu mwenye arusi kesho. Mnaweza kumheshimu, mkamwita Papa, mkavumilia hasira yake, na bado mkakataa kumimina kisichojulikana.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika kazi au masomo yetu, ni jambo gani tunalolifanya ambalo hakuna mtu awezaye kulihakiki?

2. Mkubwa anapotuhimiza tufanye haraka, tunamjibuje bila kumvunjia heshima na bila kuiharibu kazi?

3. Mabaki ya kazi zetu huishia wapi, na ni nani anayekunywa maji ya mahali pale?